Mwalimu wa Kuchonga Katika Laini ya Asubuhi

Mambo haya si ya zamani, na hasira yangu bado haijapoa.

Mimi ni karani wa watumishi katika shule ya sanaa iliyojengwa juu ya kilima, upande wa Mushaki, katika milima ya Masisi, ambako asubuhi ukungu huingia hadi mezani na karatasi hulegea kabla hujaziandika. Kazi yangu ni watu. Mwalimu mgeni akifika, mimi ndiye ninayemtafutia nyumba, kitanda na blanketi. Mtumishi akifiwa, mimi ndiye ninayempelekea direkta ombi lake la kwenda msibani. Mama anayefundisha vikapu akijifungua, mimi ndiye ninayetafuta wa kushika darasa lake. Na kila asubuhi, kabla ya chai, ninasoma apeli.

Lazima niieleze apeli, maana yote yanatoka hapo. Shule ina watumishi wa aina mbili. Wa kwanza ni moniteri, yaani walimu wenye diplome. Hao hufundisha kuchora, vipimo na Kifaransa, na hufika darasani kengele ya pili ikilia, wamevaa viatu. Wa pili ni watu wa laini: wakata majani, wachota maji, wapasua kuni, wapishi. Hao husimama mbele ya ofisi kengele ya kwanza ikilia, mstari mmoja, kila mtu na chombo chake mkononi. Apeli ndiyo hiyo: ninawaita jina kwa jina huku kapita, msimamizi wao, akiwatazama usoni. Ukiitwa unavua kofia, unajibu "Niko," unakwenda.

Katika laini hiyo, kati ya mchota maji na mpishi, alisimama mwalimu wa kuchonga.

Narudia: mwalimu. Alikuwa na atelie yake, karakana ya mbao, na vijana walioijaza, na viti na vijiko vya mti mweusi vilivyotoka mle ndivyo wageni walivyopanda kilima kuja kuvitazama. Alitoka Kashebere, mwanzo wa msitu wa Walikale, na kwa umri angeweza kuwa baba yangu. Lakini hakuwahi kukaa kwenye benchi la shule, na direkta, Mzungu mpole asiyepaza sauti, alikuwa na sheria yake: pasipo diplome hakuna moniteri. Basi tezo ya mwalimu ilisimama pamoja na majembe, nami nikamwita kama wengine.

Mtu asidhani alikuwa mzee mnyonge wa kuhurumiwa. Alikuwa na majivuno, na kofia ya kahawia aliyoipangusa vumbi kila alipokaa. Aligombana na wapishi juu ya chumvi. Alijua kwamba mimi ni mtoto wa wafugaji, na hakukosa kunichokoza. "Nyinyi munakaa na nyama yenye kutembea, hamuikule," aliniambia. "Munakunywa tu jasho yake." Alisema hivyo mbele ya watu, na nilicheka pamoja nao.

Sasa niseme habari yangu, maana bila hiyo hamtaelewa ukimya wangu. Sikumaliza shule. Nilitolewa nikiwa bado mdogo, baba alipougua na ng'ombe wakakosa mchungaji. Yaliyobaki nilijifundisha mwenyewe. Kifaransa nilikisoma katika magazeti yaliyofungiwa sabuni. Mashine ya kuandika niliichora kwa makaa kwenye ubao, herufi zote mahali pake, vidole vikajifunza pasipo mashine. Siku ya kuomba kazi niliandika barua moja bila kosa, na direkta hakuniuliza kitu kingine. Hakuuliza diplome. Nami sikusema.

Tangu hapo niliishi kama mtu aliyekalia kiti cha mwingine, sikio likiwa mlangoni. Nilirudia ukurasa mzima kwa ajili ya koma moja. Niliifua kola yangu kila jioni, na isipokauka niliivaa mbichi. Niliamini kwamba siku nitakayokosea, mtu atauliza nilisoma wapi. Kwa hiyo nilipofika kwenye jina la mwalimu wa kuchonga nililisoma kwa sauti ya chini, nikaenda haraka kwa linalofuata, na nikajiambia kwamba huo ni wema.

Katika msimu wa mvua mwalimu alimwambia mwanafunzi mmoja arudie kiti alichokiharibu. Kijana yule, ambaye baba yake alifanya kazi katika ofisi ya serikali, alijibu mbele ya wenzake: "Papa, wewe iko mutu wa laini. Nitarudia kama mwalimu ananiambia." Atelie yote ikacheka. Mwalimu alitoka moja kwa moja akaja ofisini kwangu, kofia kichwani.

"Karani, mimi niko nani hapa?"

"Uko mwalimu wa kuchonga, Papa."

"Nani anasema?"

"Watu wote wanajua."

"Watu wote wanajua ya kama nasimama pembeni ya mupishi. Mupishi njo rafiki yangu, ananipa mafuta. Lakini hafundishi. Uniondoe mu laini."

"Haiko mukono yangu, Papa. Iko ya direkta."

"Na mudomo wenye kuniita kila asubuhi, iko ya direkta?"

 Mwalimu akaivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

"Kontra yangu, ile karatasi ya kazi, inaisha kisha Noeli," alisema. "Kama niko mwalimu, natia kidole tena. Kama niko mutu wa laini, narudi kwetu. Laini iko kila fasi. Hakuna haja ya kuja kuitafuta mu baridi hii."

Nilifikiri moniteri wakisema pamoja nami, direkta atasikia. Jumapili baada ya misa niliwakuta kwenye baraza ya nyumba zao za matofali, nikawaeleza. Yule wa Kifaransa alinimiminia chai kwanza.

"Kaka, yule muzee anaandika jina yake?"

"Hapana."

"Mimi nilipigwa fimbo ujana yangu yote juu ya Kifaransa. Leo nilingane na mutu wa kutia kidole?"

"Tena angalia," akaongeza moniteri wa kuchora, "kama mutu anaweza kufundisha bila diplome, direkta ataanza kujiuliza sisi tunafanya nini hapa." Wakacheka wote. Kisha akanigeukia, bado anacheka. "Na wewe, kaka, ulisomea wapi? Siku moja utuambie."

Ulikuwa utani. Lakini niliiacha chai nusu, nikaaga, nikashuka kilima. Mpaka leo ninawakasirikia hao kuliko direkta. Direkta hajawahi kusimama katika laini yoyote. Baba zao walisimama, na wao wanajua ardhi ya pale ilivyo baridi chini ya miguu.

Ninakiri kwamba baada ya siku ile nilinyamaza. Nililisoma jina lake asubuhi baada ya asubuhi, na aliitika "Niko" akinitazama machoni. Nilipokwenda nyumbani nilimweleza mama, aliyekuwa akichuja maziwa ya kupeleka barabarani. Hakuacha kazi yake. "Ng'ombe tunamuita jina jioni kusudi arudi nyumbani," alisema. "Wewe unamuita mutu muzima jina kusudi umuhesabu. Hiyo kazi nani alikufundisha?" Nilitaka kumwambia kwamba nilijifundisha mwenyewe. Ilikuwa kweli, na ilinitia aibu.

Noeli ilipokaribia, direkta aliniita niandike kibandiko cha maonyesho ya Bukavu, ambako kazi za shule zingepelekwa Pasaka. Alisema maneno, nikapiga mashine: "Kazi za mwalimu wetu bingwa wa kuchonga na wanafunzi wake." Kwenye neno mwalimu vidole vilikataa.

"Bwana direkta, mwalimu huyu anasimama katika laini."

"Ndiyo."

"Hapa anaandikwa mwalimu."

"Hapa ni kwa ajili ya wageni. Laini ni kwa ajili ya utaratibu. Wewe unapenda utaratibu."

"Hatatia kidole tena, bwana. Amesema. Anataka kuwa moniteri."

"Hana diplome."

Ndipo nilipotamka maneno niliyoyaogopa tangu siku niliyoingia mle ndani. "Mimi pia sina."

Direkta alitabasamu. "Ninajua. Nilijua siku ya kwanza. Ungekuwa na diplome ungeniomba nyumba ya matofali. Mtu asiye nayo anafanya kazi vizuri na haombi kitu." Aliyasema kwa upole kabisa, kama mtu anayesifu jembe jipya. "Maliza kibandiko."

Nilimaliza. Mikono ilifanya kazi peke yake. Miaka yote ile nilikuwa nimefua kola, nimerudia kurasa, nimenyamaza mbele ya dhuluma ili nisigunduliwe, na kumbe nilikwisha kugunduliwa, nikaachwa niendelee kuogopa kwa sababu woga wangu ulifaa. Sijui kama kuna tusi kubwa kuliko hilo. Mwalimu wa kuchonga angalau alidharauliwa hadharani, akajua pa kupeleka hasira yake.

Baada ya Noeli mwalimu alipanda kamioni ya ndizi iliyokuwa inarudi Walikale tupu, yeye, mkewe, mtoto wao na sanduku la vyombo. Direkta alisema atarudi akipata njaa. Hakurudi. Vijana walikaa atelie wakichezea mbao, viti vya maonyesho vikabaki bila miguu, na direkta akanituma Kashebere. "Huko wachongaji wamejaa," alisema. "Leta mmoja."

Njia nzima, kutoka baridi ya Masisi hadi pale shati linapoanza kunata mgongoni, nilipanga maneno ya kusema. Kashebere nilisimama chini ya kibaraza cha duka, watu wakakusanyika, wachongaji na wasio wachongaji. Mwalimu wetu alikuwepo, nyuma yao, akimrandia mfanyabiashara mlango. Hakunisalimia. Alitaka kusikia.

"Nyumba iko, ya udongo, na blanketi," nilisema. "Kazi iko ya kufundisha vijana kuchonga. Asubuhi mutu anasimama mu laini pamoja na wakata majani. Mimi naita jina, anavua kofia. Kisha anaingia darasani."

Mchongaji mmoja mwenye ndevu fupi alinitazama kama mtu anayetafuta mahali mzaha ulipo.

"Kwanza anavua kofia, kisha anafundisha?"

"Njo vile."

"Anafundisha nani? Wale wenye kumuona akivua?"

"Wale wale."

"Karani, umekuja kutafuta mutu ao kumufukuza?"

Watu wakaangua kicheko, na mwalimu wetu alicheka kuliko wote hata akaweka randa chini. Hakuna aliyekubali. Sikuwashawishi. Nilikuwa nimeeleza kazi ilivyo, neno kwa neno, bila kosa, na nilijisikia mwepesi.

Mwalimu alinipeleka kwake nikale. "Kula, hapa hakuna jasho ya ng'ombe," alisema, akanisogezea ndizi na sombe ya majani ya muhogo. Mkewe alipotoka kuchukua maji, mwalimu alishusha sauti.

"Bibi ananisumbua kila siku. Mutoto alikuwa anasoma kule, hapa anakaa bure. Mimi nataka kurudi, karani. Lakini usimuambie direkta. Akijua nataka, ananirudisha mu laini."

Nilimwahidi. Na njiani nikirudi niliiona siri hiyo kuwa kitu cha kwanza cha maana nilichowahi kuficha.

"Uliwaambia nini?" direkta aliuliza nilipofika mikono mitupu.

"Niliwaambia kazi ilivyo, bwana."

"Ungeanza na nyumba."

"Nilianza na nyumba."

 Alisema angeweza kunifukuza, nami nikasema ndiyo, bwana, unaweza. Nilikuwa ninaogopa kiasi cha kushika ukingo wa meza, lakini nilibaki nimesimama. Kutoka atelie haikusikika hata nyundo moja, na Pasaka ilikuwa karibu. Mwishowe akaniambia niketi, akanisomea niandike: mwalimu wa kuchonga anahesabiwa moniteri, kwa ruhusa ya direkta. Basi. Hakuna mtu aliyekuja kutoka Goma kuidhinisha, hakuna mitihani. Mstari mmoja wa mashine. Ungeweza kuandikwa siku alipoajiriwa. Ungeweza kuandikwa siku ile kijana alipomtukana. Alivuliwa kofia miaka yote hiyo kwa sababu mtu mmoja hakuona shida kumvua, na sisi wengine tulikuwa na sababu zetu.

Mwalimu alirudi kabla ya Pasaka. Mtoto alipata benchi lake. Asubuhi ya kwanza mwalimu aliamka kengele ya kwanza kwa mazoea, akasimama mlangoni kwake akitafuna muhogo, hajui la kufanya na wakati wake. Mpishi alimwona kutoka kwenye laini.

"Papa moniteri, baridi iko namna gani huko mulangoni?"

"Iko ile ile," akajibu. "Lakini naisikia nikiwa na kofia."

Kapita akawaamuru wanyamaze, nami nikaendelea kusoma.

Juma lile lile nilipeleka kwa direkta ombi kwamba watu wa laini waitike bila kuvua kofia, maana ni wazima na kuna baridi. Alisema nimebadilika, ataangalia. Nimemuuliza tena kila Jumatatu. Anajibu kwa upole, na mimi sasa upole wake ninaujua. Jumatatu ijayo nitamuuliza mbele ya laini nzima.