Kope la Mwana wa Mfalme

Tarehe tisa mwezi wa pili mume wangu alifariki, na sina picha yake hata moja.

Aliusia mwenyewe. Kwetu pwani wapo wasiopenda sura ya marehemu ibaki ukutani, naye alikuwa mmoja wao. Figo zilipomwangusha alimwita binti yetu, akamwambia afute picha zake katika simu zetu zote, hata za harusi. Wosia hauvunjwi. Binti alifuta zake huku akilia, kisha nikampa na simu yangu.

Mume wangu alikuwa mlinzi katika jumba la makumbusho hapa Minneapolis. Chumba alicholinda kilikuwa na sanamu ya mwana wa mfalme wa Kiholanzi, kichwa na kifua, udongo uliopakwa rangi. Akirudi kazini huniambia, "Yule bwana ana kope limelegea kama langu. Pacha wangu yule." Nami humjibu, "Wewe na ufalme, wapi na wapi?" Akicheka, kope lenyewe hushuka zaidi.

Nikiwa edani uso wake ulianza kunitoka. Sauti ninayo, mikono ninayo. Uso nikiuita hauji. Basi nilipotoka eda nilimwomba binti anipeleke nikamtazame huyo pacha.

Tulitoka nyumbani Burnsville, nje kidogo ya mji, baada ya adhuhuri. Nilimkuta mwana wa mfalme amevaa deraya nyeusi yenye misumari ya dhahabu, kitambaa cha rangi ya chungwa begani, mashavu mekundu kama katoka kwenye baridi. Macho yote mawili wazi, sawasawa. Nikamzunguka. Sikuona kitu.

Binti alimweleza mlinzi wa zamu sisi ni nani. Mzee yule akatupeleka mlangoni, mahali alipozoea kusimama marehemu. Kutoka pale taa ilitia kivuli jicho la kulia la sanamu, na kope likaonekana zito kweli.

"Ndilo," nikasema. "La kulia."

Binti yangu Kiswahili husikia tu, hujibu kwa Kiingereza. Siku ile alijibu kwa Kiswahili.

"La kushoto, mama. Baba lilikuwa la kushoto."

Nikamwambia mimi nimelala ubavuni mwake miaka yote. Akasema yeye ndiye aliyekuwa akimnyoa hospitalini. Nikajaribu kumwona marehemu akilini. Kila nilipoliweka kulia, nililiona kushoto.

Binti akatoa simu, akaitazama, akairudisha mfukoni. Tukashuka ngazi kwenda garini.