Kurasa Zenye Vema

Mwaka ule wa Nguvu Kazi, ukionekana mjini Mwanza huna kazi, ulipakiwa kwenye lori ukapelekwa kijijini ukalime. Paskazia alikuwa na kazi, lakini ya kibarua tu, kupiga deki wodi za hospitali moja, na kibarua chenyewe kilikuwa kinakwisha mwezi huo. Huko Magu walikotoka hakukuwa tena na kwao. Tangu wahamishiwe kijiji cha ujamaa, mji wao wa zamani ulibaki majani, na shamba walilogawiwa wengine walishalichukua. Hata angelipata, angelima na nani? Mumewe alishafariki, na baba yake, mzee Ngosha, miguu ilikuwa imekufa ganzi, akishinda kwenye kigoda mlangoni mwa chumba chao cha mtaa wa Mirongo.

Njia iliyobaki ilikuwa moja. Hospitali ingewachukua wahudumu wachache kuwasomesha uuguzi, kwa sharti wafaulu mtihani wa kusoma Kiingereza. Na Paskazia alikuwa na Kiingereza cha darasa la saba, yaani salamu za asubuhi na majina ya wanyama. Mfa maji haachi kutapatapa. Akaanza kuokota zile karatasi zinazokuja ndani ya maboksi ya dawa, ambazo hakuna anayezisoma, na vipande vya magazeti ya Kiingereza vilivyofungiwa chumvi sokoni. Neno asilolijua alilitafuta kwenye kamusi kuukuu aliyoachiwa na Kemilembe, muuguzi wa Kihaya aliyehamishiwa Bukoba. Akishalipata alilisema kwa sauti mpaka likae, kisha akalitia alama ya vema kwa penseli.

Halikukaa. Maneno ya watu ni kama mbuzi wa kununua, ukigeuka kidogo yamesharudi kwa mwenyewe. Basi kila lilipomtoka alirudi kwenye vema yake, akalisoma upya, akaendelea. Daftari la kuyaandika hakuwa nalo, maana mwaka ule daftari lilikuwa adimu kama sabuni. Maneno yake yote yalikuwa humo ndani ya kamusi, na alijua kila moja limelala wapi.

Wiki moja kabla ya mtihani alirudi kutoka kazini mchana akamkuta baba yake anavuta. Hilo halikuwa jambo geni. Sigara zilikuwa zimepotea madukani, na mzee alikuwa akijisokotea tumbaku ya shamba kwa gazeti. Lakini siku hiyo Paskazia aliona herufi ndogo ndogo zikiungua pale mdomoni. Aliikimbilia kamusi. Ilikuwa imekonda. Kurasa zilizobaki zilikuwa safi, hazina alama hata moja, na zile nyingine zilikuwa zimekatwa kwa wembe, taratibu, kazi ya mtu asiyependa kuharibu kitu, zikawa vipande vya kusokotea, neno huku maana kule.

"Baba! Umefanya nini?"

"Mbona unapiga kelele? Nimechukua zile ulizomaliza."

"Nilizomaliza?"

"Zenye vema." Mzee alisema hivyo hana wasiwasi wowote. "Zile safi sijagusa. Gazeti linaniunguza koo, mwanangu. Hii ni laini."

Usimcheke mzee Ngosha. Kusoma alijifunzia uzeeni, kwenye kisomo, ndani ya ghala la pamba, na huko mwalimu akishautia ukurasa vema basi umevuka, hakuna anayekurudisha. Cheti chake kilikuwa ukutani, kimebandikwa kwa uji wa muhogo. Mtu anayerudia alichokwisha kukishinda hakuwahi kumwona.

Lakini hasira haina macho. Paskazia alimwambia baba yake maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi. Alimwambia amevuta kazi yake, amevuta na chumba wanacholala, na lori likija atangulie yeye kupanda. Mzee aliizima sigara kwenye sakafu, akalifunika kopo la tumbaku, akalisukuma chini ya kitanda. Hakuligusa tena.

Wiki ile Paskazia aliomba kamusi kwa huyu na yule, na kila aliyekuwa nayo aliificha kama sukari. Akayasoma yale makaratasi yake ya dawa bila msaada. Yale maneno aliyoyazoea yalimtazama tu.

Siku ya mtihani walipewa habari ya mgonjwa aliyemeza dawa. Katika mstari wa pili tu akakutana na "drowsy". Alilijua! Lilikuwa ukurasa wa kushoto, karibu na mwisho, kando ya doa la mafuta ya taa, na siku alipolitia vema mvua ilikuwa inanyesha. Yote hayo aliyakumbuka. Maana yake ndiyo iliyokataa kuja. Alishuka mstari unaofuata akakuta jingine, naye akakumbuka doa, akakumbuka mvua, akatamani kulia mbele za watu.

Alasiri mkuu wa wauguzi alisoma majina. Tereza aliitwa, Malimi aliitwa. Paskazia alisubiri mpaka benchi zikabebwa.

Alimkuta baba yake mlangoni, amenyoa ndevu, amevaa shati la sikukuu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Enhe, mwanangu?"

Paskazia aliitazama mikono ya mzee juu ya magoti, ikitetemeka kwa kiu ya tumbaku, na hasira yote ikamwishia, akabaki na huruma na hofu. Aliingia ndani, akalivuta lile kopo kutoka chini ya kitanda. Kisha akaichukua kamusi, akachana ukurasa, akamletea vyote viwili.

"Chukua, baba. Huu nao nimeumaliza."

Mzee aliupokea. Aliugeuza upande huu, akaugeuza upande wa pili, akausogeza karibu na macho.

"Mbona hauna vema?"

Paskazia akachukua penseli, akautia.