Macho Huchorwa Mwisho

Siku ya kwanza kazini sikushika brashi. Nilipewa jiwe. Mchoraji mzee aliyeletwa kutoka India, ambaye sote tulimwita Metre, yaani fundi mkuu, alitandaza kitambaa cha pamba kilichopakwa uji wa unga, akaniambia: "Sugua mpaka ikuwe laini." Nilisugua wiki nzima. Nyinyi vijana mnaobonyeza simu na kujiita wachoraji mngekimbia siku ya pili.

Kazi yetu ilikuwa katika duka la Mhindi mmoja hapa Bunia, bosi wetu tuliyemwita Patroni mzee, aliyekuwa na chumba cha sala nyuma ya ghala. Tulichora vitambaa vya kutundikwa humo: mungu wao Krishna katikati ya ng'ombe. Kwanza mstari wa njano, kisha rangi, kisha wino mweusi wa pembeni. Macho huchorwa mwisho, mchoraji akiwa hajala kitu. Kabla ya macho, hicho ni kitambaa tu. Yakishachorwa, mungu anaangalia, na hakuna anayekikaribia na viatu. Mimi ni Mkatoliki, sikuisujudia ile picha hata siku moja, lakini sheria ya kazi niliiheshimu.

Ng'ombe niliowachora walitoka na pembe za ng'ombe wa Djugu, wa hapa kwetu. Metre alicheka. "Acha ikae hivyo. Siku nikikufa, weye ndiye utafungua macho."

Alikufa kabla kitambaa cha mwisho hakijaisha. Patroni mzee naye akafa, akaingia mtoto wake kushika duka. Asubuhi moja huyo mtoto alitundika katika chumba cha sala turubai la plastiki lenye Krishna aliyechapwa na mashine, kisha akawaonyesha wapakizi kile kitambaa cha mwisho, kazi yangu ya miezi minane.

"Mufunike nayo simenti."

"Patroni, hiyo ni Krishna," nikasema.

"Muzee, macho yake iko wapi? Si weye ulisema bila macho ni kitambaa tu?"

Hasira iliyonipanda siku ile haijashuka mpaka leo. Alichukua sheria ya Metre akamtukania nayo Metre. Nami nilikuwa sijala tangu jana, maana nilipanga kumaliza siku hiyo hiyo. Kitambaa kilikuwa kimeshatandazwa juu ya simenti; nikachukua brashi, nikapiga magoti juu ya mifuko, nikafungua jicho la kulia, kisha la kushoto.

Mama yake, mjane wa Patroni mzee, alitokea mlangoni, akaona, akavua viatu, akainamisha kichwa. "Ondoa mukono yako hapo," akamwambia mwanawe, aliyekuwa ameshika pindo la kitambaa akitaka kukivuta.

Kitambaa kikapelekwa chumba cha sala. Mimi nikafukuzwa jioni, bila asante, baada ya kazi ya maisha yangu yote. Mnaniuliza kama naumia. Naumia. Lakini turubai lilipauka likatupwa, na kila asubuhi yule bwana huvua viatu mbele ya ng'ombe wa Djugu.