Betri Zilizochoka za Malachie

Malachie wa mtaa wetu wa Vulamba hakuwa na shaka juu ya jambo lolote lililohusu rock. Alitengeneza redio katika chumba kilichopakana na changu, ukuta wa mbao katikati yetu, na kwa karibu miaka miwili ya vita nilishona nguo huku nikibishana naye kupitia mbao hizo. Sisemi alikuwa mtu mbaya. Nasema alikuwa na kichwa kigumu, na mimi ninacho vilevile.

Kaseti zenyewe zilitoka kwangu. Kazi yangu ilikuwa kupunguza nguo za ballot, yaani mitumba iliyotoka Kampala, zile suruali za Wazungu wanene, ziwatoshe watu wa kwetu. Siku moja katika mifuko ya makoti mawili ya ngozi nilikuta kaseti mbili, maandishi yote yamefutika. Nilimpelekea Malachie nikidhani ni mahubiri. Baada ya saa moja alikuja mlangoni, jasho linamtoka, akaniambia ni rock na nisimpe mtu mwingine yeyote.

Kwa kuwa hazikuwa na majina, alizibatiza mwenyewe. Bendi ya kwanza akaiita Ba-Nyundo, kwa sababu ngoma yao ilipiga moja moja, na kati ya pigo na pigo ungeweza kutia uzi kwenye sindano. Ya pili ikawa Ba-Mabati, kwa ajili ya matoazi yao yaliyolia kama mvua ya mawe juu ya paa. Yeye alikuwa mtu wa Ba-Nyundo. Mimi, kwa moyo wote, mtu wa Ba-Mabati.

"Mama Bénie," alikuwa akisema, "bantu bako banapiga kelele tu. Hapana musingi."

"Na bako banalala," namjibu. "Wimbo ya tatu, nilishaka kushona mukono muzima, gitaa haiyamaliza."

"Donc, kumbe unasikiaka."

Nasikiaje nisisikie, na ukuta ni wa mbao? Hata mwimbaji wa Ba-Nyundo, yule kijana wa sauti nzito iliyojaa huzuni, tulimpa jina: Mathe, kwa kuwa sauti yake ilifanana na ya Mathe wa kwaya yetu.

Inafaa nieleze jinsi tulivyosikiliza. Barabara ilifungwa mara kwa mara, na betri zikawa adimu kuliko nyama. Katika mtaa wetu kila nyumba ilishika sheria moja: betri mpya ni za habari. Jioni watu walitaka kujua nani ameshika mji gani na nani amekimbia, na hakuna aliyethubutu kuzigusa kwa ajili ya wimbo. Zikishindwa kukamata habari, ziliwekwa juani siku mbili, ndipo zikapewa muziki. Kwaya tuliisikia kanisani na rumba tuliisikia kwenye baa zenye jenereta, lakini rock ilikuwa kwa Malachie peke yake, na Malachie alifuata sheria.

Alikuwa na sababu yake ya kuwapenda Ba-Nyundo, na aliisema waziwazi. Alizaliwa Luofu, kwa wakulima wa viazi. Mwaka 1996 alikimbia kutoka huko kwa miguu, bisibisi mfukoni. Alikimbia kutoka Alimbongo wiki mbili baada ya kufika. Alikamilisha ufundi Beni, akakimbia kutoka huko nako. "Sikiliza hawa bantu," aliniambia. "Hakuna mutu anabafukuza. Banatia muguu moja chini, banangoja, ndiyo banatia ya pili. Siye tunakimbia, beye habakimbie." Siku hiyo sikumbishia. Nami nilishawahi kukimbia nikiwa na mwanangu Bénie mgongoni na kichwa cha cherehani mikononi.

Mwaka 2000 redio moja ndogo ya mji ilimpa saa moja ya Jumamosi mchana. Paulin, mkurugenzi wake, alikuwa mtu wa maneno machache: ni jaribio, ikipendeza, saa hiyo itakuwa ya Malachie kila juma, isipopendeza inarudi kwa rumba. Malachie aliitaka saa ile kuliko alivyotaka mke, na kwao walikuwa wamechoka kumuuliza habari za mke. Aliniomba nije nimpinge hewani, maana alisema hakuna ladha ya kushinda peke yako.

Tulikwenda tumevaa nguo za ibada. Alibeba redio yake ya kaseti chini ya kwapa, ingawa nilimwambia pale wana mashine zao. Jenereta ilinguruma uani. Mtaa mzima ulikuwa umeahidi kusikiliza, na kwa mara ya kwanza watu walikuwa wamekubali kutumia betri za habari kwa muziki.

Akashika mikrofoni. Akasema rock ni muziki wa watu wazito, wasio na haraka. Akasema Ba-Nyundo ndio bendi bora duniani, na upande wa kwanza wa kaseti yao hauna wimbo wa kutupa. "Sikilizeni benyewe," akasema. "Hawa bantu habakimbie."

Paulin akabonyeza.

Walikimbia. Ngoma ilikimbia, gitaa likakimbia nyuma yake, na Mathe wetu mwenye huzuni akatokea kuwa mwanamke, sauti nyembamba, mchangamfu, anaimba kana kwamba anachelewa arusi. Nilicheka mpaka nikaziba mdomo kwa kitambaa. Nikamwashiria Paulin aweke kaseti yangu, watu wasikie bendi ya kweli. Akaiweka. Ba-Mabati walilia kama vifaranga. Nikaacha kucheka.

Paulin alipitisha kidole shingoni: kata. Nikamtazama Malachie. Alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza kama anavyosikiliza redio mbovu, na nilimwonea huruma, kwa sababu nilijua ni nini kilichokuwa kinavunjika pale.

"Ni betri," akasema hatimaye, mikrofoni bado ikiwa wazi. "Miaka mbili tunabasikiliza na betri ya kuchoka. Mashine yetu ilikuwa inazunguka polepole. Kumbe hii bantu banakimbiaka kama siye."

Paulin alikuwa tayari ameshika kaseti ya rumba.

Malachie akaichukua redio yake, betri zilizochoka zikiwa ndani, akaiweka juu ya meza, akaisogeza karibu na mikrofoni. Akaingiza Ba-Nyundo. "Mi sibadilishe mawazo," akasema. "Huko kwabo banakimbia, ni shauri yabo. Banakimbia mpaka banafika Vulamba. Kwetu banapumuzika. Album ya muzuri ni hii ya kwetu."

Akabonyeza. Pigo moja. Kisha nafasi ile niliyoijua, ya kutia uzi kwenye sindano. Kisha pigo la pili. Mathe akaanza kuimba, kijana tena, mzito, hana haraka na mtu. Paulin akaiweka kaseti ya rumba mezani taratibu, asifanye sauti. Nikaona machozi yananitoka na sikuyafuta. Tangu Bénie azaliwe sikuwa nimekaa mahali nikijua sitaondoka, isipokuwa kwenye kiti kile cha kushonea, ukutani kwake.

Ilipofika zamu yangu ya kumpinga, Malachie alinisukumia mikrofoni. Watu wangu wote walikuwa wakisikiliza. Nilikuwa nimeandaa maneno makali juu ya wimbo wa tatu.

"Ba-Nyundo ndiyo ya kwanza," nikasema. "Ni leo tu."

Jumatatu nilipofungua duka nilikuta watu mlangoni kwake kabla hajaamka. Mama Syauswa wa kona alikuwa na betri nne. Shemasi alileta sita katika kofia. Hakuna hata moja iliyoweza kukamata habari. Ndiyo maana walizileta. Walizipanga juani mbele ya mlango wake, safu kwa safu, ziwe tayari kwa saa yake ya Jumamosi.