Neno la Mwisho la Fundi

Msusi hakuwahi kupenda kutembea, na hakuona aibu kusema hivyo. Mtu anayesimama kutwa nzima nyuma ya kiti, vidole vimezama kichwani mwa mwenzake, jioni anataka beseni la maji ya uvuguvugu. Hataki kilima. Aliyependa vilima ni mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi kwa kuwa hakukuwa na friji iliyomshinda. Kila Jumamosi Fundi alivaa viatu vyake vizito, akamwambia mkewe asimsubiri kula, akaenda zake milimani na rafiki zake watatu. Msusi alibaki saluni akiwachekesha wateja. "Wanapanda ili washuke," alikuwa akiwaambia. "Si wangebaki huku huku chini?"

Marafiki hao walikuwa Mwalimu, mstaafu aliyefundisha hesabu, ambaye bado aliongea na watu wazima kana kwamba wameacha madaftari nyumbani. Dereva, aliyeendesha mabasi ya masafa marefu mpaka mgongo ukakataa, mtu wa utani hata msibani. Na Mkunga, aliyezalisha nusu ya mtaa, wakiwemo watoto wote wawili wa Msusi. Walijiita Kobe. Kobe walikuwa na sheria moja tu: mzito hutangulia. Mwenye miguu mizito kuliko wote anakaa mbele, wengine wanafuata kwa mwendo wake, na ni marufuku kumpita. Mwenda pole hajikwai, walisema, na asiyepitwa hapotei.

Miaka yote mzito alikuwa Fundi, kwa sababu ya kifua chake. Nyumbani alijisifu. "Mimi ndiye kiongozi wao," alimwambia mkewe. "Wote wako nyuma yangu." Mkewe alimjibu kwamba hata ng'ombe mgonjwa hufuatwa na inzi.

Kisha Jumamosi moja Fundi akafia mlimani. Watatu hao walikuja saluni wenyewe, matope yangali viatuni, wakamkuta ameshika msuko uliofika nusu. Mkunga alimshika mikono yote miwili. Alimwambia kwamba Fundi hakuteseka, kwamba alikata roho wakiwa wamemzunguka, kichwa chake kikiwa mapajani mwa Mkunga mwenyewe, na kwamba aliacha neno. "Alisema hivi: mwambieni mama watoto asilie. Nimechoka vizuri."

Neno hilo ndilo lililomshikilia Msusi asianguke. Lilikuwa neno la Fundi kabisa. Si ndiye aliyezoea kuwaambia wateja kwamba friji yao haijafa, imechoka vibaya tu? Msusi alilala nalo na kuamka nalo. Aliwasimulia wateja neno hilo huku akiwasuka, mpaka wengine wakawa wanalimalizia kabla yake. Alipotaka lichongwe kwenye jiwe la kaburi, mwanawe wa kiume alikataa. "Mama, kaburini si mahali pa utani," alisema. Waligombana, wakanuniana, na kwa muda mrefu kijana hakukanyaga nyumbani. Mwishowe mama ndiye aliyeshinda. Mwalimu, ambaye mwandiko wake ulikuwa wa kuning'iniza ukutani, aliliandika neno lile kwenye karatasi ili mchonga mawe alifuatishe herufi kwa herufi.

Jambo moja tu lilimkera. Mkunga aliacha kuja kusukwa. Alinyoa, akasema siku hizi kichwa kinamuuma. Msusi alikasirika, maana kichwa ulichokisuka tangu ujana ni chako kidogo, lakini alimeza. Kila mtu na namna yake ya kuomboleza, alijiambia.

Kobe walikuwa wamepanga siku nyingi kwenda likizo nchi ya watu, watembee juu ya vilima kutoka kijiji hadi kijiji na kulala katika nyumba za wageni. Nafasi ya Fundi ilikuwa wazi, nao wakaja kumwomba Msusi aichukue. Alikataa. Aliwaambia magoti yake hayana pasipoti. Usiku huohuo akabadili mawazo, na asubuhi yake akaanza kufanya mazoezi ya kuzunguka soko na viatu vipya, wauza vitunguu wakimuuliza nani anamfukuza.

"Naenda kuona alichokuwa anakitafuta," aliwaambia watoto wake.

Na alikiona, tusiseme uongo. Siku za kwanza zilikuwa tamu. Nyumba za wageni zilikuwa na ngazi za mbao zinazolalamika, mablanketi mazito, na soksi za kila mtu zikikauka kwenye kiti kimoja karibu na moto. Mwenye nyumba mmoja alizungumza lugha yake kwa sauti ya juu, akidhani kelele ndiyo tafsiri. Dereva alimjibu kwa Kiswahili, naye kwa sauti ya juu, na hao wawili walielewana kuliko watu wengine wote mezani. Mchana walitembea. Mzito sasa alikuwa Msusi, kwa hiyo alitangulia. Alisikia nyayo za watu watatu nyuma yake, zikipungua alipopunguza, zikisimama aliposimama, na akaelewa kwa nini Fundi alirudi nyumbani kifua mbele kila Jumamosi. Kuna mahali alilia huku anatembea. Hakuna aliyeuona uso wake, kwa kuwa wote walikuwa nyuma, na hilo pia lilikuwa zuri.

Mambo yaliharibika siku walipotakiwa kuvuka kilima kirefu na kushuka ng'ambo, kwenye barabara ambako basi lilipita mara moja tu mchana. Mvua ya rasharasha ilianza mapema. Njia ilikuwa ya mawe yanayoteleza, na goti la Msusi la kushoto lilivimba. Alikwenda kwa hatua za bibi harusi. Nyuma yake alimsikia Mwalimu akivuta mkono wa koti kuangalia saa, akaurudisha, akauvuta tena.

"Shemeji, hujachoka?" Mwalimu aliuliza.

"Nimechoka, shemeji. Lakini si unaona natembea?"

Walikwenda kidogo. Mwalimu akasimama.

"Sikilizeni," alisema kwa sauti ile ya darasani. "Basi halitungoji. Mimi na Mkunga tupite, tukalisimamishe huko chini. Dereva, wewe njoo na shemeji taratibu."

Dereva alikuwa ametania tangu kifungua kinywa, lakini sasa uso wake haukuwa na mzaha hata chembe. "Hapana," alisema. "Tuliapa hatutarudia."

"Nyamaza, wewe," Mkunga alisema haraka.

Msusi aligeuka. Njia ilikuwa inapanda, hivyo alikuwa juu yao, na kwa mara ya kwanza alimtazama Mwalimu kutoka juu.

"Kurudia nini?"

Mkunga alijifanya anafunga zipu ya koti ambayo ilikuwa imefungwa tayari.

"Shemeji Dereva, nakuuliza wewe. Mliapa hamtarudia nini?"

"Twende, dada, utapata baridi," alisema Mkunga.

"Niachie baridi yangu. Nataka jibu."

Njia ya mwongo ni fupi, ingawa hii ilikuwa imevuka na mipaka ya nchi. Dereva alivua kofia, mvua ikamnyeshea upara, akasema. Siku ile kule nyumbani mawingu yalikuwa yamekusanyika, na kwa Fundi kila hatua ilikuwa mzigo. Walichoka kumfuata. Walimpita. Walishuka mpaka kwenye kibanda cha chai kule chini, wakakaa kumsubiri, na alipochelewa wakadhani ananyoosha miguu kama kawaida yake. Waliporudi kumtafuta walimkuta ameketi, ameegemea jiwe, na ameshapoa.

Msusi alitaka kumpiga mtu, yeyote aliyekuwa karibu, na wala hakuona vibaya kutaka hivyo.

"Mlikunywa chai?"

"Shemeji..."

"Nimeuliza swali. Mlikaa tu, au mlikunywa chai?"

"Tulikunywa," Dereva alisema.

"Ya maziwa?"

Dereva alimtazama kama mtu aliyepigwa. "Ya maziwa," alisema.

"Mume wangu anakufa peke yake kama mbwa aliyegongwa barabarani, nyinyi mnapuliza chai ya maziwa. Mlicheka? Bila shaka mlicheka. Dereva akiwepo watu hucheka. Halafu mkaja kwangu na matope yenu. Mkala msibani kwangu. Mkabeba jeneza." Sauti yake ilikuwa inapanda, akaiacha ipande. Huko milimani ilikuwa na nafasi ya kutosha. "Sheria yenu ilikuwa moja. Moja tu. Watoto wa chekechea wanashika tatu."

Mkunga alikuwa analia. Mvua ilishuka kwenye kile kichwa kilichonyolewa, ikachanganyika na machozi, na hapo Msusi akaelewa, mara moja, kwa nini mwanamke yule asingeweza kukaa mbele ya kioo cha saluni na kutazamana naye kutwa nzima. Kuelewa huko kulimletea jambo lingine, baya kuliko la kwanza. Alilitazama likija.

"Kama mlimkuta amepoa," alisema polepole, "kichwa chake hakikuwa mapajani mwako."

Mkunga alitikisa kichwa.

"Na neno?"

"Dada, nisamehe. Ulikuwa umesimama pale na kitana mkononi. Nilishindwa kukuambia hakusema kitu. Nimewaambia wanawake wengi habari mbaya kazini, kila mara natafuta cha kuwaachia mkononi. Nilikumbuka maneno yake ya friji. Likanitoka."

"Likakutoka."

"Nilitaka upate usingizi."

"Nilipata. Nimelala na maneno yako nikidhani nimelala na ya mume wangu. Nimegombana na mwanangu wa kumzaa kwa ajili yake, mtoto uliyempokea wewe mwenyewe. Aliacha kuja kwangu kwa sababu ya maneno yako. Nimeyachonga kwenye jiwe." Alimgeukia Mwalimu. "Na wewe ukaniandikia. Ukakaa mezani kwangu, ukachonga penseli, ukaniuliza kama nataka herufi za mlazo."

Mwalimu alikuwa ameinamisha macho kwenye mawe, na hilo ndilo lililomfanya Msusi aendelee kumkazia macho. Dereva alikuwa ameungama. Mkunga alikuwa ameungama. Huyu alikuwa bado ameshikilia kitu.

"Nani alikuwa wa kwanza kumpita?"

"Mimi," alisema Mwalimu.

"Nani alikuwa wa mwisho kumwona?"

"Mimi. Wenzangu walikuwa wameshanipita kwenye mteremko, nikafunga kamba ya kiatu. Alikuwa juu kidogo."

"Alikuita?"

Mvua ilikuwa inapiga vifuniko vya mabegi. Dereva na Mkunga walimgeukia Mwalimu pamoja, na ilionekana wazi kwamba swali hilo wao hawakuwahi kumuuliza.

"Shemeji, mambo haya tungezungumza tukifika..."

"Alikuita?"

"Ndiyo."

"Alisema nini?"

Mwalimu alikohoa. "Alisema, ningojeni. Nilidhani ni ile kawaida yake. Kila Jumamosi, akisimama mbele yetu kupumua, alisema ningojeni. Nilikuwa nimechoka kungoja, sikugeuka. Nilijifanya sikusikia."

"Mungu wangu," alisema Mkunga, akakaa chini palepale kwenye matope. "Na umetuacha mwaka mzima tukiamini hakusema kitu."

Msusi hakulia. Alikuwa na hasira nyingi mno, machozi hayakupata pa kupita. Alilisema neno lile kimoyomoyo, kwa sauti ya mumewe, na halikuwa na utani wowote ndani yake, wala halikumtaja yeye, wala watoto. Lilikuwa neno la mtu aliyeishiwa pumzi anayewaita rafiki zake. Lakini lilikuwa lake. Lilitoka kinywani mwake.

Chini kabisa, pale barabara ilipouzunguka mguu wa kilima, basi lilitokea kwenye kona, dogo, taa zimewashwa. Hakuna aliyelikimbilia.

"Tukirudi, jiwe linabadilishwa," Msusi alisema. "Neno la Mkunga linatoka. Linaingia la mume wangu. Ningojeni. Hilo tu. Na wewe ndiye utakayemwandikia mchonga mawe, kwa mwandiko wako mzuri, halafu utasimama pale kaburini na kuwaambia wanangu baba yao alikuwa anamwambia nani."

Mwalimu aliinua uso. Ghafla alikuwa mzee, na mvua ilikuwa inamtiririka kwenye miwani.

"Shemeji, watanichukia."

"Watakuchukia," Msusi alisema. "Mimi nimeshaanza."