Bi Sabuni na Oveni Iliyojisafisha

Bi Sabuni alikuwa na sheria moja, na alikwenda nayo kazini na kurudi nayo nyumbani kama mtu asiyeachana na mwavuli wake: hakuna kitu duniani kinachojisafisha.

Alikuwa msimamizi wa wafagizi katika jengo la ofisi lenye ghorofa nyingi. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho tu. Hilo la Sabuni alipewa na wafagizi wenyewe, wala si kwa mapenzi. Alikuwa akipita nyuma yao na kidole kimoja. Kidole hicho kiliteleza juu ya fremu ya mlango, nyuma ya bomba la sinki, chini ya ukingo wa meza, kisha kikainuliwa juu kama cha shahidi anayeapa. Mfagizi akianza kujieleza, mara ndoo ilivuja, mara lifti ilikwama, mara zamu ile haikuwa yangu, Bi Sabuni alimkata kauli palepale.

"Usijisafishe kwangu, mwanangu. Anayejisafisha ni paka peke yake, naye anajisafisha kwa ulimi, kama wewe. Chukua kitambaa."

Mfagizi aliinama akafuta. Na haki isemwe: jengo liling'aa. Mwenye sheria ngumu hapendwi, lakini choo chake huingilika.

Basi binti yake aliyeolewa akamletea zawadi ya oveni mpya, kubwa, yenye mlango wa kioo. Fundi umeme aliyekuja kuifunga alipomaliza alifuta mikono, akaigonga kwa ukucha kwa majivuno, kana kwamba ameizaa yeye.

"Mama, hii huna haja ya kuisugua. Inajisafisha yenyewe."

"Inafanya nini?"

"Inajisafisha. Unabonyeza kitufe hiki, mlango unajifunga, moto unapanda mpaka mafuta na masalia yote yanakuwa majivu. Ikipoa inafunguka yenyewe, unapangusa majivu, basi. Ila kwanza utoe kila kitu kilichomo ndani, hata hizi waya za kuwekea vyombo. Na ufungue madirisha, maana itatoa moshi."

Bi Sabuni alikitazama kitufe kile kama mama anayemtazama mchumba wa bintiye aliyekuja kujitambulisha amelewa.

"Na ulimi inao?"

"Ulimi wa nini, mama?"

"Wa kujisafishia."

Mumewe, dereva wa lori aliyestaafu, alikuwa amesimama mlangoni. Alicheka mpaka akashika kizingiti. Huyu alikuwa mtu wa utani mwingi na dhambi ndogo ndogo, na kwa miaka yote ya ndoa alikuwa akiwindwa na kile kidole kama mfagizi mwingine yeyote.

"Mama watoto, siku moja utakibonyeza."

"Siku hiyo na wewe utakuwa umeacha kukoroma."

"Tutaona nani atatangulia. Lakini ukikibonyeza nami nikajua, hadithi ya paka iishe humu ndani. Nisiisikie tena."

"Haya. Na iwe hivyo."

Tangu hapo Bi Sabuni aliisugua oveni ile kwa mkono wake, kwa magadi na siki, kichwa na mabega vimezama ndani. Mgeni akiingia jikoni alimkuta nusu tu. Kitufe alikiruka kama mtu anayeruka dimbwi njiani.

Jikoni humo kulikuwa na sheria nyingine, mtoto wa ile kubwa. Vyombo vya bati havikufutwa kwa kitambaa na kuwekwa rafuni, kwa sababu maji hubaki kwenye mikunjo na kutu huanzia hapo. Vilioshwa, vikakung'utwa, vikaingizwa katika oveni yenye vuguvugu vikauke taratibu. Baba watoto alikuwa akiisahau sheria hii kila alipoosha vyombo, na kila aliposahau aliambiwa.

Sasa, katika vyombo vyote vya bati vya ukoo ule, kimoja kilikuwa mfalme. Lilikuwa bati la keki la marehemu mama mkwe wa Bi Sabuni. Lilikuwa kuukuu, la duara, na ubavuni lilikuwa limelehemiwa, kwa hiyo keki iliyookwa humo ilitoka na mstari mwembamba kama kovu. Kipande chenye mstari kiliitwa kipande cha mama. Watu wazima wenye wajukuu walikigombania mpaka wakanuniana.

Bati lilitunzwa na wifi yake Bi Sabuni, dada wa mumewe, fundi cherehani mwenye ulimi mkali kuliko sindano zake. Mawifi hawa wawili walipendana kwa namna ya mawifi: kila mmoja alimtafutia mwenzake doa. Wifi hakuwa mtu wa kukaa kwanza. Alikuwa akiingia, anasalimia huku anatembea, na salamu ikiisha ameshafungua oveni na kuchungulia. Hakuwahi kupata kitu. Ndiyo maana hakuacha kuchungulia.

Ilipokaribia sikukuu ya kuzaliwa ya mjukuu, Bi Sabuni aliomba bati. Wifi alileta mwenyewe, limefungwa kwenye kanga.

"Nakuazima, sikupi. Keki ni ya kesho, uoke leo asubuhi. Jioni nitapita kulichukua. Bati la mama halilali kwa watu."

"Mimi nimekuwa watu leo?"

"Kwa habari ya bati, wifi yangu, hata mimi nikisafiri huwa watu."

Keki iliiva vizuri na mstari wake ubavuni. Lakini Bi Sabuni alikuwa amejaza unga kupita kiasi, ukafurika, ukamwagika chini ya oveni, na sukari ikaungua ikawa nyeusi, ngumu, ya kung'ang'ania kama lami. Akatoa keki, akashika magadi na siki, akazama. Akasugua mpaka kifundo cha mkono wa kulia kikavimba, na lile doa likamtazama tu. Kila mtu ana siku ambayo mkono wake hautoshi. Hapo ndipo sheria zake zinapopimwa.

Alitoka kwenda chumbani kufunga mkono bendeji. Nyuma yake, baba watoto aliosha vyombo, na siku hiyo, kwa rehema au kwa balaa, akakumbuka. Alilikung'uta bati la mama, akaliingiza ndani ya oveni, ambayo bado ilikuwa na vuguvugu, akaliweka juu ya waya kule nyuma, akafunga mlango. Kisha akaenda kwa kinyozi akiwa ameridhika na nafsi yake, kama mtoto aliyemaliza kazi ya shule bila kutumwa.

Bi Sabuni alirudi jikoni akakuta nyumba iko kimya. Akafikiria jioni. Aliona wifi akiingia, akisalimia, akifungua, akichungulia. Akausikia ule "Ahaa!" uliongojwa kwa miaka. Akatazama kitufe.

Alikwenda mlangoni akatazama kulia na kushoto. Akafunga madirisha yote ili jirani asinuse, akavuta mapazia. Halafu yule mwanamke, ambaye hakuwahi kupita pembe ya ukuta bila kuitazama, alinyoosha mkono akabonyeza bila kufungua mlango, bila kuchungulia, uso ameugeuzia dirishani. Mtu anayejificha hutazama njia tu. Anachokikanyaga hakioni.

Mlango wa oveni ukajifunga: ka!

Mwanzoni alijisikia vizuri mno, jambo ambalo peke yake lingetosha kumwonya. Alijimiminia chai, akakaa, akanyoosha miguu. Sukari ikaanza kutoa moshi. Akapepea kwa taulo. Moshi ukaongezeka, na kwa kuwa madirisha yalikuwa yamefungwa, ukazunguka ndani kama mgeni asiyeonyeshwa mlango. Kengele ya oveni haikulia, binti hakupiga simu, wala mbingu hazikufunguka. Bi Sabuni aliona kwamba dhambi, kumbe, ina kikohozi tu.

Akaondoka kwenda kulifunga bati la wifi kwenye kanga yake liwe tayari. Rafuni halikuwepo. Kwenye sinki halikuwepo. Alikuwa amepiga magoti akitafuta kabatini baba watoto alipoingia, kichwa kimenyolewa kinang'aa.

"Baba watoto, umeliona bati la mama?"

"Lipo oveni, linakauka. Si ndiyo sheria yako? Leo nimekumbuka, hata hunisifu!"

 Bi Sabuni alibaki palepale chini, mkono juu ya mlango wa kabati.

Mumewe akavuta pumzi puani, mara moja, mara mbili. Akautazama moshi, mapazia, na kitaa kidogo chekundu kwenye oveni. Tabasamu likaanza kumpanda usoni, pole pole, tabasamu la mtu aliyengoja miaka. Akashika mpini akavuta.

"Mbona haifunguki?"

"Imekwama."

"Imekwama, au inajisa—"

Tabasamu likakatika hapohapo. Alikuwa amekumbuka kilichomo ndani, na kwamba kilikuwa cha mama yake.

Walibonyeza kuzima. Taa ikazimika, lakini mlango ukagoma, maana mashine ile isingefunguka mpaka ipoe, na haikuwa na haraka.

"Hodi wenyewe!" Wifi alikuwa ameshaingia. "Mnachoma tairi humu?"

"Karibu wifi," Bi Sabuni aliinuka. "Ni jirani, anachoma takataka."

Wifi akatazama madirisha. "Jirani anachomea takataka zake ndani ya nyumba yenu?"

"Upepo."

"Upepo unaofunga mapazia." Alikuwa tayari mbele ya oveni, mkono kwenye mpini. "Hii nayo imefungwa kwa nini?"

"Ina hitilafu kidogo," alisema baba watoto, akitazama viatu vyake.

"Na bati langu?"

"Linakauka," alisema Bi Sabuni, na katika yote aliyoyasema tangu hodi, hilo peke yake halikuwa uongo mtupu.

"Basi nitangoja likauke."

Akavuta kiti akakaa. Baba watoto alimmiminia chai, akatia sukari, akasahau, akatia tena. Wifi aliinywa bila kulalamika, na hapo wote wawili wakajua kwamba ameshaelewa. Wakakaa, watu watatu wazima, wakiitazama oveni kama walioketi nje ya wodi.

Ka!

Wifi aliinuka wa kwanza. Akachukua kitambaa, akafungua.

Ndani kulikuwa kusafi. Lazima isemwe: kulikuwa kusafi kuliko Bi Sabuni alivyowahi kukusafisha kwa magadi na siki. Doa lilikuwa majivu mepesi ya kupuliziwa. Juu ya waya palikuwa na kitako cha bati kilichobaki peke yake, na kando yake ukanda mrefu wa bati jeusi uliojikunjua kama utepe. Lehemu ilikuwa imeyeyuka, ikadondoka chini ikaganda, matone madogo yanayong'aa kama shanga.

Wifi aliutoa ule ukanda kwa kitambaa, akaupitishia kidole pale ulipokuwa umeshikana, kama anavyokagua nguo ya mteja.

"Mshono umefumuka," alisema.

"Wifi, ngoja nikueleze." Maneno yalimtoka Bi Sabuni yakisukumana. "Mkono ulikuwa unaniuma, tazama, nimefunga na bendeji. Halafu baba watoto akaliweka humo bila kuniambia. Na yule fundi naye, angenikazania kwamba—"

"Wifi."

"Naam."

"Usijisafishe. Anayejisafisha ni paka."

Bi Sabuni alimtazama mumewe angalau amwone anacheka. Kicheko angekimudu, alikuwa na majibu yake tayari. Lakini mumewe hakucheka. Alikuwa akiokota zile shanga za lehemu moja moja na kuziweka kiganjani.

"Nimebonyeza mimi," alisema Bi Sabuni. "Sikuangalia ndani. Nilikuwa nakuficha doa wewe."

Wifi alikaa chini na ule ukanda mapajani.

"Doa," alisema. "Ungeniachia doa lako, ningekucheka wiki nzima, nikashiba. Sasa hapa nitacheka nini?"

Bati walilipeleka kwa fundi wa mabati. Akaligeuza, akalikwangua, akajaribu kulilehemu mbele yao. Lehemu ilidondoka kama maji juu ya jani, maana bati lilikuwa limeungua, halishiki tena. Keki ililiwa kesho yake. Kipande cha mama kilibaki peke yake kwenye sahani, na kwa mara ya kwanza katika ukoo ule hakikugombaniwa. Mwishowe wifi alikifunga kwenye karatasi, akaondoka nacho, akasahau kuchungulia oveni.

Aliporudi kazini, Bi Sabuni alipitisha kidole juu ya fremu ya mlango wa ghorofa ya juu, kikatoka na vumbi. Mfagizi wa zamu akaanza: ndoo, lifti, mwenzangu. Bi Sabuni akafungua mdomo. Mfagizi akainamisha kichwa kulipokea neno la paka, kama kawaida. Neno halikuja.

"Haya, endelea," alisema Bi Sabuni. "Nakusikiliza."

Mfagizi alishtuka mno hata akasahau uongo wake.

"Nilisinzia, mama," alisema.

"Chukua kitambaa," alisema Bi Sabuni, naye akachukua chake.

Oveni bado ipo, na sasa inasuguliwa kwa mkono wa kushoto. Kitufe kile kilibonyezwa mara moja tu. Kiligharimu bati la mama mkwe, ambalo halikutengenezeka, na sheria ya Bi Sabuni, ambayo ingali kweli lakini hana tena mdomo wa kuisema.