Bibi tuliyemkuta kwenye nyumba inayouzwa

Nyumba tumeipenda sana, ila hatuinunui.

Leo asubuhi mimi na mume wangu tumeikagua, kule Kasingirima, mtaa ulio kando ya ziwa. Ukuta hauna ufa, maji ya ziwa hayajawahi kufika. Nilishaanza kupanga pa kuweka kitanda.

Chumba cha mwisho tukamkuta bibi amekaa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Karibuni. Ninyi wageni wa nani?"

Mume wangu akasema tumekuja kuangalia nyumba inayouzwa.

"Inauzwa? Na nani?"

Mwanawe, ndiye muuzaji wetu, alikuwa kasimama mlangoni. Akainamisha kichwa.

"Mwanangu, mimi utanipeleka wapi?"



Tukamwomba bibi radhi, tukatoka. Tukiwa uani tukamsikia bibi analia.

Jamani, mnaonunua nyumba mara ya kwanza, ulizeni nani anaishi humo kabla hamjagonga kuta.

Ninyi mngemwambia nini yule bibi?